Gundi ya bodi ya alumini imebanduka, ina mapovu au imegoma kuiva: kosa liko wapi?

Wakuu, karibu kila lalamiko la gundi ya bodi ya gari ninalokutana nalo linaanza na maneno yale yale, "hii gundi feki". Inaweza ikawa feki kweli, ila mara nyingi gundi haina hatia, tatizo lilikuwa kwenye uso wa alumini kabla gundi haijagusa, au joto halikutosha, au mtu alichelewa kufunika paneli. Na ushahidi uko pale pale kwenye kipande kilichoachia, ndo maana inaniuma sana nikiona fundi anakichukua anakikwangua haraka haraka ili abandike upya, hapo ameshafuta maandishi kabla ya kuyasoma.

Kwa hiyo kabla hujashika msasa, chukua tochi, mulika kwa upembeni, uangalie nyuso zote mbili. Ukikuta upande mmoja una gundi yote na upande wa pili metali tupu inang'aa, basi gundi haikushika. Ukikuta pande zote mbili zina gundi, imechanika katikati, basi ilishika vizuri ila yenyewe ndo imeshindwa mzigo. Kuna ya tatu inayodanganya watu, unaona kama metali tupu lakini ukipitisha ukucha au ukiinamisha tochi unakuta utando mwembamba wa gundi umebaki, hii iko katikati ya hizo mbili na mara nyingi inakuambia uso ulikuwa karibu uwe mzuri ila haukufika. Na kama bati lenyewe limechanika gundi ikabaki, hapo huna tatizo la gundi, nenda kaangalie unene wa bati na mzigo. Kiwango cha ISO 10365 kimezipa sura hizi majina rasmi, sio lazima uyakariri, ila ripoti inayosema tu "imebanduka" imeficha nusu ya habari.

Neno moja kabla hatujaendelea. Nitasema gundi "imeiva" badala ya "imekauka", manake epoksi (gundi ngumu ya kubandikia metali) haikauki kama rangi ya maji inavyokauka, inabadilika kikemia. Kitu kinaweza kuwa kikavu mkononi na bado hakijaiva.

DALILI YA 1: Imebanduka safi, metali inang'aa

Hii ndo inaongoza, na ndo nitakaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Sababu ya kwanza kabisa ni mafuta. Bati la alumini linafika likiwa na mafuta ya kiwandani na mafuta ya kupress, alafu linashikwa na mikono, linakaa karibu na kompresa inayotema oili kwenye hewa. Kuna gundi za epoksi za oveni zilizotengenezwa makusudi zivumilie mafuta kidogo ya kupress, ila "kidogo" ina kipimo chake kwenye karatasi ya maelezo ya gundi, na epoksi za kuchanganya sehemu mbili kwa kawaida hazina huo uvumilivu.

Kipimo rahisi ni maji. Mwagia maji safi kabisa, yale yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa ni bora, kwenye uso uliosafishwa. Yakitandaa kama shuka moja yakabaki hivyo, uso uko vizuri. Yakijikusanya matone matone kama kwenye gari lililopigwa nta, kuna mafuta. Angalizo ambalo wengi hawajui, sabuni iliyobaki inafanya maji yatandae vizuri tu hata kama uso ni mchafu, kwa hiyo kama umeosha kwa sabuni suuza sana kwanza, la sivyo kipimo kinakudanganya. Ukimaliza kausha kabisa kabla ya gundi.

Usafishaji wenyewe sasa. Tatizo sio kutosafisha, tatizo ni namna ya kusafisha. Mtu ana kitambaa kimoja anakichovya kwenye kopo la asetoni, anafuta, anakichovya tena, mpaka mwisho wa siku lile kopo ni supu ya mafuta na kila paneli inapakwa hiyo supu. Mimina kwenye kitambaa, usichovye. Tumia vitambaa viwili, cha kwanza chenye kimiminika kinayeyusha mafuta, cha pili kikavu kinayabeba kabla kimiminika hakijaruka hewani, kwa sababu kikiruka mafuta yanabaki pale pale yalipokuwa ila yametawanyika vizuri zaidi. Futa kuelekea upande mmoja, sio kuzungusha. Na kitambaa kiwe kisichotoa nyuzi na ambacho hakijawahi kufuliwa na dawa ya kulainisha nguo.

Sababu ya pili, mpangilio umegeuzwa. Watu wanapiga msasa kwanza ndo wanafuta. Ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukuma ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena kirahisi. Futa, piga msasa, alafu ondoa vumbi na ufute tena. Hatua tatu, inachosha najua, lakini haina njia ya mkato.

Sababu ya tatu ni silikoni, na hii inaumiza kichwa maana haionekani. Dawa ya kung'arishia dashibodi, spray ya kulainishia bawaba za milango, losheni ya mikono, hata baadhi ya glavu. Mahali fulani nilipokuwa tulihangaika siku kadhaa, paneli za upande mmoja zinashika na za upande mwingine zinabanduka, gundi ni ile ile na bechi ni ile ile, mwishowe mtu akagundua mashine ya jirani ilikuwa inapuliziwa spray ya silikoni kila asubuhi na feni inaleta kwetu. Asetoni haiiondoi silikoni vizuri, inaisambaza. Kama unashuku silikoni, kwanza fukuza chanzo chake nje ya chumba, alafu ndo usafishe kwa kiondoa silikoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sababu ya nne, muda. Hapa kuna muda wa aina mbili na watu wanauchanganya. Mmoja ni kati ya kuandaa uso na kupaka gundi. Alumini ikishakwaruzwa inajifunika oksidi mpya papo hapo, hilo haliepukiki na wala sio baya, ile ya mwanzo ni nyembamba ya nanometa chache na imeshika vizuri. Ubaya unakuja ukiiacha, inavuta unyevu na uchafu wa hewani, kwa hiyo paka ndani ya saa chache, sio "nitamalizia kesho". Mwingine ni kati ya kupaka gundi na kufunga kiungo. Epoksi ya sehemu mbili ikishatoka kwenye nozeli (mdomo wa kuchanganyia) saa yake imeanza kuhesabu, na poliyurethani (gundi inayonyumbulika kama mpira) inayoiva kwa unyevu wa hewa inaota ngozi juu. Ukifunga baada ya ngozi kuota unapata kiungo kinachogusana bila kushikana. Kiungo cha namna hiyo ni hatari kwa sababu kipimo cha mawimbi ya sauti mara nyingi hakikioni, kila kitu kimegusana hakuna uwazi, mashine inasema sawa. Ushahidi wake ni gundi iliyobaki na uso laini wa kung'aa kama plastiki, ukiona hivyo acha kulaumu mafuta, angalia saa.

Sababu ya tano ni umande. Bati limetoka stoo ya baridi limeingia kwenye chumba chenye joto na unyevu, linatoka jasho jembamba ambalo hulioni. Acha lifike joto la chumba kwanza. Hata katriji (mrija) ya gundi iliyotoka kwenye friji usiifungue ikiwa bado ya baridi.

Kama umepita hizo zote na bado inabanduka safi, sasa ingia ndani zaidi, angalia aina ya aloi, yaani alumini imechanganywa na metali gani. Aloi za mfululizo wa 5000 zina magnesiamu nyingi, na bati likipita kwenye joto magnesiamu inapanda juu na kutengeneza oksidi dhaifu. Ndo sababu viwanda vya magari vinanunua mabati ambayo yameshaoshwa kwa asidi na kupewa utando wa titani na zirkoni kabla ya kufika kwenye mashine za kupress. Ule utando una muda wake wa kukaa stoo, roli la bati likizeeka uso unakuwa umechoka hata kama kwa macho linang'aa. Praima yenye silani (kemikali inayounganisha gundi na metali) inasaidia sana kwenye kazi ndogo. Juu ya hapo kuna kuanodaizi, yaani kukuza oksidi kwa umeme ndani ya asidi, hasa ya fosforiki, njia inayotumika kwenye ndege.

SIMAMA HAPA: baadhi ya dawa za kuchubua alumini zina asidi ya haidrofloriki, ambayo inapenya ngozi na kuua nyama na mfupa kabla hujasikia maumivu makali. Nyingine za zamani zina kromati, zinasababisha saratani. Hiyo sio kazi ya ndoo na brashi nyuma ya karakana, peleka kwa watu wenye mabeseni, vifaa na dawa ya huduma ya kwanza.

DALILI YA 2: Gundi imechanika katikati, pande zote zina gundi

Watu wakiona hii wanashtuka wakati mara nyingi ni habari njema. Kama umevunja sampuli ya kipimo na nguvu imefika namba iliyoandikwa, kuchanika hivi ndo tunakotaka, inamaanisha uso ulishika kuliko gundi yenyewe. Tatizo ni pale nguvu iko chini.

Anza na unene. Epoksi za kimuundo nyingi zinapenda unene wa karibu mm 0.2 hadi 0.3, na ndo maana nyingi zina vishanga vidogo vya kioo ndani, vikishabanwa havishuki zaidi ya hapo. Pima ukingo uliovunjika kwa kalipa. Ikiwa mm 2 basi paneli hazikukaa sawa, jigi (kifaa cha kushikilia paneli) imelegea au bati limepinda, na kiungo kinene kinapoteza nguvu ya kukatwa. Ikiwa kinyume chake, klempu zimekamua gundi yote nje mpaka metali zimegusana, hapo pia hakuna kitu, usikaze klempu kama unafunga gurudumu. Ila kioo cha mbele ni habari nyingine, poliyurethani yake inatakiwa iwe nene milimita kadhaa ili iweze kunyumbulika, usichanganye sheria za hizi mbili.

Alafu angalia rangi. Kama gundi ina mistari mistari ya rangi mbili kama marumaru, haikuchanganyika. Na kama haina mistari ila inavunjika kama biskuti au inavutika kama bigijii, nenda dalili ya 3.

Halafu jiulize mzigo ulikuwa unavuta upande gani. Gundi inabeba vizuri sana ikikatwa kwa upembeni au ikibanwa, ila ukiibandua kutokea ukingoni kama unavyobandua stika, mzigo wote unakaa kwenye mstari mmoja mwembamba na hata gundi bora itafunguka. Ndo kazi ya zile riveti unazoziona pembeni ya gundi kwenye bodi za alumini, zinashikilia paneli mpaka gundi iive na baadaye zinazuia ncha zisianze kufunguka. Fundi anayesema "nimeweka gundi nyingi, riveti za nini" hajaelewa kwamba vile vitu viwili vinafanya kazi tofauti. Jaguar XJ ya 2003 ilijengwa hivyo hivyo, bodi nzima ya alumini kwa riveti pamoja na gundi. Na kwa wale wanaosema gundi ni ya viatu sio ya magari, chasi ya Lotus Elise iliyotoka 1996 ni mabomba ya alumini yaliyobandikwa kwa epoksi, na yenyewe ina uzito wa kilo 68 hivi.

DALILI YA 3: Gundi laini, inanata, haijaiva

Kwa gundi za sehemu mbili, swali la kwanza: ile gundi ya mwanzo kutoka kwenye nozeli mpya ulitupa? Katriji ina pande mbili na mara nyingi upande mmoja unatangulia, kwa hiyo sentimita kadhaa za mwanzo hazina uwiano sahihi. Kamua kidogo bila nozeli mpaka pande zote mbili zinatoka sawa, vaa nozeli, kamua tena kidogo utupe, ndo uanze kazi. Nozeli fupi kuliko iliyopendekezwa nayo haichanganyi vizuri, na wale wanaoikata ili gundi itoke haraka wanajiharibia. Kwa mashine kubwa za pampu, pima uwiano kwa mizani, kamua kila upande kwenye kikombe chake upime, usiamini skrini.

Swali la pili ni baridi. Kwa makadirio ya kawaida joto likishuka nyuzi 10 muda wa kuiva unakaribia kuwa mara mbili, na epoksi nyingi za kuchanganya zikikutana na baridi kali zinasimama kabisa. Sio joto la hewa tu, hata metali yenyewe, alumini inabeba joto kuondoka haraka sana, chumba kinaweza kuwa nyuzi 22 na boriti nene iliyolala sakafuni usiku ikawa nyuzi 12.

Kwa epoksi ya oveni kosa ni hilo hilo ila limevaa nguo nyingine. Skrini ya oveni inasema nyuzi 180, lakini hiyo ni hewa. Gundi iko katikati ya mabati mawili, pengine ndani ya boriti ambako hewa ya moto haifiki. Nyingi zinahitaji metali penye gundi ifike nyuzi 170 hadi 180 hivi na ikae hapo dakika 20 au zaidi, na dakika zinahesabiwa kuanzia metali ilipofika, sio mlango ulipofungwa. Bandika waya za kipimajoto kwenye kiungo chenyewe, sehemu nene kuliko zote, upitishe bodi moja kwenye oveni usome mchoro wa joto. Nimeona watu wakibadilisha gundi mara tatu wakati tatizo lilikuwa feni moja ya oveni imekufa.

Kwa poliyurethani ya sehemu moja ni unyevu wa hewa, inaiva kutoka nje kwenda ndani, milimita chache kwa siku. Kwenye hewa kavu na baridi inachelewa sana. Ukiipaka pana katikati ya mabati mawili makubwa ya alumini ambayo hayapitishi unyevu, katikati inaweza kukaa laini muda mrefu mno. Hiyo sio kasoro ya gundi, umechagua gundi isiyo ya kazi hiyo.

Na tarehe kwenye katriji, jamani, soma tarehe.

Gundi ambayo haikuchanganyika haitaiva hata ukisubiri mwezi, kuipasha moto hakutasaidia. Toa yote, anza upya. Ila iliyochelewa kwa ajili ya baridi tu inaweza kuokolewa kwa kupashwa taratibu kama karatasi yake inaruhusu.

DALILI YA 4: Mapovu na matundu ndani

Ukivunja sampuli unaona matundu kama mkate. Hewa iliyonaswa inaacha matundu makubwa machache yasiyo na mpangilio, na inatokea sana pipa la gundi linapobadilishwa, hewa inabaki chini ya sahani ya kusukumia, kwa hiyo toa hewa na utupe gundi ya mwanzo. Au mtu alipaka nukta nukta au mistari inayozunguka na kujifunga, hewa ya katikati ikakosa pa kutokea. Paka mstari mmoja endelevu wenye pa kutokea hewa.

Matundu madogo mengi yaliyoenea sawasawa ni unyevu. Epoksi ya oveni ambayo haijaiva inakunywa maji kutoka hewani, na kama bodi imepakwa gundi Ijumaa ikaingia oveni Jumatatu, yale maji yanakuwa mvuke kwenye nyuzi 180 na gundi inavimba kama andazi. Njia hapa ni kufupisha muda wa kusubiri, na kama mstari wa uzalishaji utasimama muulize mtengenezaji wa gundi kama kuna ya kuivishwa nusu kwanza.

Akriliki (aina nyingine ya gundi) na epoksi za haraka zikirundikwa nene zinachemka zenyewe, kuiva kwake kunatoa joto. Ukigusa kikombe kilichobaki na gundi utaelewa. Kikombe kikianza kutoa moshi usikishike, kipeleke nje kwenye sakafu ya zege, mbali na vitambaa vya asetoni.

DALILI YA 5: Ilishika vizuri, baada ya miezi ikaanza kufunguka

Hii ndo inayonitisha zaidi, kwa sababu siku ya kwanza kila kipimo kilipita. Maji yanapenya taratibu kupitia gundi na pembeni mwa kiungo, yanaikuta ile oksidi ya alumini, yanaibadilisha kuwa ya majimaji iliyovimba na dhaifu, na gundi inabaki imeshika kitu ambacho chenyewe kimeachana na metali. Chumvi ikiongezeka, kutu inatambaa chini ya gundi kutokea ukingoni. Ukifungua unaona unga mweupe.

Kwa hiyo kuvuta sampuli mpya kavu hakutoshi kamwe kukuambia kama maandalizi ya uso yanafaa. Kuna kipimo cha kabari, kilichoelezwa kwenye kiwango cha ASTM D3762, rahisi na kinasema ukweli: unabandika vipande viwili vya bati nene, unapigilia kabari ukingoni, unaweka alama ufa umefika wapi, alafu unaviweka kwenye joto na unyevu mwingi. Ufa ukikimbia na kuacha metali tupu, maandalizi yako ni mabovu hata kama sampuli kavu zilivunja rekodi. Kama unataka kufanya kipimo kimoja tu kwenye maisha ya kiungo cha alumini, fanya hiki.

Sababu nyingine ni malighafi mbili tofauti zinazopitisha umeme kugusana. Alumini na nyuzi za kaboni, au magnesiamu na karibu kitu chochote, pakiingia maji ya chumvi inakuwa betri, na inayoliwa ni alumini au magnesiamu. Gundi ikiwa na unene wake kamili inazitenganisha, ndo faida nyingine ya vile vishanga vya kioo, ila riveti isiyo na mipako sahihi inaharibu yote kwa sababu inaziunganisha tena. Baada ya gundi ziba kingo kwa silanti (dawa ya kuzibia nafasi).

SIMAMA HAPA pia: ukikuta unga mweupe kwenye kiungo cha boriti za mbele, nguzo za milango, au sehemu yoyote inayobeba ajali, usibandike juu. Kutu inayoonekana ukingoni haikuambii imeingia ndani kiasi gani. Hiyo inahitaji karakana yenye kibali na maelekezo ya mtengenezaji wa gari husika, na mara nyingi kipande chote kinabadilishwa.

DALILI YA 6: Boneti au mlango umeonyesha mstari wa gundi kwa nje

Rangi imepakwa, mwanga ukipita unaona kivuli cha mstari. Gundi ikiiva inasinyaa, na bati la nje ni jembamba, inalivuta. Kwanza punguza wingi wa gundi na uhakikishe haijarundikana sehemu moja. Pili, gundi ni ngumu mno kwa sehemu hiyo, katikati ya boneti panatakiwa gundi laini inayonyumbulika ya kuzuia mtetemo, epoksi ngumu ibaki kwenye mkunjo wa ukingoni. Tatu, joto lilipanda haraka mno. Kupiga msasa rangi na kupaka tena hakusaidii, mstari utarudi.

DALILI YA 7: Ilikuwa sawa, imetoka oveni imepinda au gundi imechanika

Alumini na chuma kwenye kiungo kimoja. Hesabu ni ndogo tu: kila mita moja ya alumini ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 180 inarefuka karibu mm 3.7, na chuma karibu mm 1.9. Tofauti ni karibu mm 1.8, na gundi inaiva wakati metali zimerefuka hivyo, zikipoa kila moja inataka kurudi kwake. Kwa hiyo ama bati linapinda ama gundi inachanika ncha za mwisho. Suluhisho ni gundi inayonyumbulika yenye unene zaidi, au inayoiva kwa joto la chini, au kupanga riveti upya ili bati lisifungwe sehemu mbili za mbali likavimba katikati. Hili ni la mhandisi wa usanifu, fundi wa zamu hawezi kulimaliza kwa klempu, na asilaumiwe kwalo.

DALILI YA 8: Gundi imeoshwa kwenye beseni

Bodi imepita kwenye mabeseni ya kuosha na ya rangi inayoshikishwa kwa umeme, gundi imetoka, maji yamechafuka, vipande vimeganda kwenye rangi. Angalia kama mstari ulipakwa karibu sana na ukingo au gundi nyingi imechuruzika nje, sogeza ndani na punguza. Kama bado, tumia inayogandishwa kidogo kabla ya beseni.

Mambo ambayo hayana mjadala

Vumbi la alumini na la magnesiamu linalipuka. Usisagie chuma na alumini kwenye mashine moja yenye mfuko mmoja wa vumbi, cheche za chuma kwenye vumbi la alumini ni moto usiouombea. Magnesiamu ikiwaka usimwage maji, inatoa haidrojeni na moto unakuwa mkubwa zaidi, tumia unga wa kuzimia moto wa metali au mchanga mkavu kabisa, na kama umeshakua toka nje uite zimamoto.

Epoksi ikikuwasha ngozi mara moja, mwili unaweza kuikataa maisha yako yote. Isosianati, kemikali iliyo kwenye poliyurethani, inafanya hivyo hivyo kwa mapafu. Mtu akianza kukohoa au kifua kubana kila akiingia zamu, hiyo sio mafua, aonane na daktari na atoke kwenye hiyo kazi mpaka ajulikane ana nini.

Kubandua gundi ya zamani kwa moto, tumia bunduki ya hewa moto na kipimajoto, sio mwali wa gesi. Aloi za mfululizo wa 6000 zimepata ugumu wake kwa joto na zikipashwa kupita kiasi zinalainika bila kubadilika rangi, hutajua mpaka siku ya ajali. Usichomelee karibu na gundi, moshi wake ni sumu. Na kwenye gari la umeme, kiungo kilicho kwenye boksi la betri au karibu na nyaya za rangi ya chungwa usikiguse kama hujafundishwa umeme mkubwa.

Ukifika mahali pa kumwita mtaalamu wa gundi, mpe vitu vya kufanyia kazi: vipande vyote viwili vilivyoachana, bila kufutwa, kila kimoja kwenye mfuko wake safi na usikiguse usoni kwa kidole, namba ya bechi ya gundi na ya bati, joto na unyevu wa chumba siku ile, muda uliopita kati ya kusafisha na kupaka na kati ya kupaka na kufunga, mchoro wa oveni kama upo, na kitambaa kilichotumika kusafisha. Ndiyo, kitambaa pia.